Ngozi Iko Wapi

Luke Mutembei alisoma jina la Fahmo kwa furaha ya mtu anayetangaza harusi.

"Mama Kinsi! Wewe ndio namba nne. Mtoto wa kwanza wa mbuzi yako ni jike, amekua, ameacha kunyonya. Sasa huyo anaenda kwa namba ishirini na moja, Mama Fahmo. Wapigieni hao wamama makofi!"

Hakuna aliyepiga. Wanawake waliokusanyika pale kwenye kibanda cha chanjo ya mifugo, Kulamawe, walianza ghafla kushughulika na mitandio yao. Mmoja alikohoa. Mwingine akamvuta mtoto wake karibu, kama vile mvua ya mawe inakuja. Kulamawe nzima ilijua mambo ya Kinsi na Fahmo isipokuwa huyu kijana wa shirika, ambaye alikuja kila Jumanne kwa pikipiki kutoka mjini Isiolo, na ambaye yote aliyoyajua kuhusu watu hawa yalikuwa ndani ya faili moja la buluu.

Kinsi alisimama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka sitini na kitu, na hasira ilimfanya aonekane mrefu zaidi.

"Huyo simpei," alisema.

"Mama, ni sheria ya shirika. Uliweka kidole kwa karatasi."

"Niliweka kidole nikijua nitampa mtu. Andika mwingine. Andika hata mbwa, nitampa."

Fahmo alikuwa ameketi karibu na nguzo, akichorachora mchanga kwa kijiti. Hakuinua uso. Angejibu hata tusi moja, Kinsi angepata nafuu, lakini huyu mwanamke alikuwa na tabia ya kunyamaza inayomwasha mtu mwili mzima. Alinyamaza hivyo miaka mitatu iliyopita, na alikuwa bado ananyamaza.

Tuirudie hiyo miaka mitatu, maana bila hiyo mtu atadhani Kinsi alikuwa mchoyo tu.

Wakati huo Kinsi alikuwa na mbuzi arobaini na wawili. Hao ndio waliokuwa benki yake, heshima yake na mazungumzo yake. Mmoja wao, jike mweupe aliyeitwa Adey, alikuwa kwa Fahmo. Huku kwa wafugaji, mbuzi wa kukamua huazimwa bila karatasi wala shahidi. Unampa jirani aliyekaukiwa. Maziwa ni yake, watoto watakaozaliwa ni wako, na mbuzi mwenyewe anabaki wako. Akifa, jirani anakuletea ngozi, na sikio likiwa bado liko juu yake ili uione alama ya ukoo wako. Mambo yanaishia hapo. Mtu akikuletea ngozi, unasema inna lillahi, unampa chai, na hakuna neno tena. Asipoleta, amekula mbuzi wako.

Fahmo na Kinsi walikuwa wakiitana abaayo, dada, ingawa hawakuzaliwa nyumba moja. Babu zao walikuwa askari wa vita vya wazungu, waliletwa Isiolo wakiwa na mabuti na ngamia, na wajukuu walikua wakichunga pamoja. Fahmo alipofiwa na mume, Kinsi ndiye aliyemfungia Adey kamba shingoni na kumpeleka mwenyewe.

Kisha kiangazi kikaja, kile ambacho watu wa huku mpaka leo hawapendi kukihesabu ni misimu mingapi. Mbuzi wa Kinsi walikufa wawili wawili, halafu watano watano. Alikuwa akiwaburuta kwa miguu mpaka korongoni, na mwishowe akakosa nguvu za kuburuta. Siku aliyobaki na zizi tupu alijiambia: angalau Adey yuko. Adey akiokoka, nitaanza tena. Alilala na jina hilo mdomoni.

Siku mbili baadaye mwanamke mmoja kwenye foleni ya maji akamwambia, "Pole, nasikia hata ile nyeupe ya kwa Fahmo imekwisha juzi."

Kinsi aliganda. Na papo hapo, Mungu ndiye anajua kwa nini papo hapo, Fahmo akatokea kwenye njia ya tangi la maji, amebeba gunia begani, anatembea kwa shida kama watu wote walivyotembea mwaka ule. Kinsi hakungoja salamu.

"Mwizi!" alipiga kelele mbele ya foleni nzima. "Mbuzi yangu imekufa siku mbili, na wewe umenyamaza! Umeila! Ngozi iko wapi? Nakuuliza mbele ya watu, ngozi iko wapi?"

Fahmo alisimama. Alimtazama Kinsi, akawatazama watu, kisha akageuka na gunia lake akarudi alikotoka bila neno. Kwa Kinsi hayo yalikuwa maungamo matupu.

Tangu siku hiyo hakumwachia nafasi. Wakikutana dukani: ngozi iko wapi? Wakikutana kwenye maulidi, watu wamevaa vizuri na ubani unafuka: ngozi iko wapi? Watoto wa Kulamawe waliifanya wimbo, wakawa wanaruka kamba nayo. Hata mjukuu wake Ifrah, mtoto wa miaka minne, alifundishwa kusimama langoni Fahmo akipita na kuuliza kwa sauti yake ndogo, "Ngozi iko wapi?" Kinsi alicheka mpaka machozi mara ya kwanza. Sikuambii ulikuwa utani mzuri. Nakuambia alicheka.

Ndipo shirika lilipokuja. Lilikuwa shirika geni lililoanzia mbali huko Asia, na siku ya kwanza Luke alitundika shuka jeupe na kuwaonyesha filamu ya wanawake wa vijiji vya Nepali na Bangladesh. Kulikuwa na mama aliyepewa mbuzi mmoja akajenga nyumba ya mabati. Kulikuwa na mwingine aliyepewa nyati wa maziwa, akasomesha mabinti watatu. Na mwisho wanawake hao walipanga mistari miwili, wakavishana mashada ya maua, na kila mmoja akamkabidhi jirani yake mwanambuzi wa kwanza wa kike. Ndiyo ilikuwa sheria: unachopewa, mtoto wake wa kwanza unampa maskini anayefuata kwenye orodha.

"Hao wanawake wana bahati," Kinsi alimwambia aliyekaa naye. "Hawana jirani kama Fahmo."

Lakini mbuzi alimchukua, na lazima tuseme ukweli, mbuzi alimwinua. Alikuwa jike la aina ya Galla, kubwa, jeupe, lenye chuchu nzuri. Alipozaa, Ifrah, ambaye kiangazi kilimwacha na miguu kama vijiti na nywele za rangi ya kutu, alianza kunywa maziwa asubuhi na jioni. Baada ya miezi miwili mtoto akawa anakimbia. Maziwa yaliyobaki Kinsi aliyapeleka kwa Waithera, mama Kiarie, mwanamke wa kutoka bara mwenye duka na chai pale barabarani, akarudi na unga, sukari na sabuni. Kwa mara ya kwanza tangu kiangazi aliweza kumkaribisha mgeni bila kuona haya.

Na yule mwanambuzi! Alikuwa mweupe mwili mzima, na doa jeusi chini ya jicho, na hereni ya namba ya shirika sikioni. Kinsi alimwita Adey. Alimlisha maganda ya viazi kutoka mkononi. Usiku mbu wakimkosesha usingizi alihesabu: Adey atazaa mwakani, wale nao watazaa, baada ya miaka mitano zizi litapiga kelele tena. Alijua sheria ya Luke, lakini alikuwa ameiweka mbali akilini, kwenye rafu ya juu kabisa. Na alidhani siku hiyo ikifika atampa mtu tu, mtu yeyote, na itauma kidogo.

Si Fahmo.

"Mama Kinsi," Luke alimwambia baada ya mkutano, akiwa amemfuata mpaka zizini, "ukikataa, shirika litachukua hata mama ya mbuzi. Mimi sitaki hivyo. Ni wakubwa wanasema. Ningekuwa na njia..." Akakuna kichwa. "Ni kama mtoto amekufa tu ndio tunangoja uzao ingine. Lakini wako ni mzima, tunamshukuru Mungu."

Alisema hivyo kwa roho safi. Ni watu wenye roho safi wanaotufundisha mambo mengine.

Jumanne iliyofuata Luke aliambiwa kwamba mwanambuzi amekufa. Kinsi alimweleza akiwa ameinamisha macho: ugonjwa wa kifua, alikohoa siku nne, usiku akazidiwa, asubuhi akamkuta amekauka. Luke alisikitika sana. Alitoa kalamu akaandika "amekufa", tarehe na sababu.

"Mwili ulitupa wapi, mama?"

"Korongoni. Fisi hawalali njaa."

Luke akafunga faili. Yeye alikulia mlimani huko Meru, kwenye majani chai na ng'ombe wawili wa kufungiwa; kwao kitu kikiandikwa kimekwisha. Hakuuliza jambo ambalo hata mtoto wa Kulamawe anayeruka kamba angeuliza.

Mwanambuzi alikuwa jikoni, amefungwa nyuma ya magunia ya makaa, anatafuna maganda ya viazi. Ifrah aliambiwa ni siri, akaifurahia. Mama yake mwanambuzi alilia zizini siku mbili, kisha akazoea.

Kinsi alijiona mjanja. Alipitisha siku kumi na moja akiwa mjanja. Siku ya kumi na mbili, kwenye saa nne za asubuhi, alikwenda kwa Waithera kupeleka maziwa. Dukani kulikuwa na watu: madereva wawili wa lori wakinywa chai, wanawake watatu wa foleni ya unga, na Waithera mwenyewe na kitambaa chake kichwani.

"Habari, mama. Maziwa leo ni kidogo?" Waithera aliuliza.

"Mbuzi ana huzuni ya mtoto wake," Kinsi alijibu, akatikisa kichwa. "Unajua nilimkuta asubuhi amekauka kama kuni. Hata sikuwahi kumfikishia kisu."

"Woi, pole."

"Salaam aleikum," sauti ikasema mlangoni.

Ilikuwa sauti ya Fahmo. Alikuwa mfupi, mweusi, amejifunga buibui iliyopauka kwa jua. Aliingia taratibu, akaweka chupa yake ya mafuta juu ya kaunta, kisha akageuka akamtazama Kinsi usoni. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mitatu.

"Pole kwa mbuzi, Kinsi," alisema. "Nasikia ilikuwa yangu, ikakufa."

"Mungu ndiye anayetoa."

"Ndiyo." Fahmo akamsukumia Waithera chupa. Kisha akauliza, bila kupandisha sauti, kama anayeuliza bei ya chumvi: "Ngozi iko wapi?"

Dereva mmoja alitemea chai yake kwenye kikombe. Mwanamke wa nyuma akaanza kucheka, akaziba mdomo, ikawa kicheko kinatokea puani. Waithera aligeuka kupanga sabuni zilizokuwa zimepangwa tayari. Kinsi alisikia masikio yake yakiwaka moto. Alijua angeweza kusema fisi. Luke alikubali fisi. Lakini mbele ya watu hawa fisi wasingetosha, maana miaka mitatu mfululizo alikuwa amewaeleza yeye mwenyewe, kwa kelele, kwamba anayepoteza mbuzi wa mwenzake huchuna ngozi kwanza, hata kama anakufa njaa, na asiyefanya hivyo ni mwizi.

"Iko," alisema. "Unafikiri mimi ni kama wewe? Inakauka. Nitakuletea mpaka mlangoni kwako, niikunje nikuwekee mkononi."

"Nitangoja," Fahmo alisema, akachukua chupa yake akatoka.

Kinsi hakumbuki alivyofika nyumbani. Anachokumbuka ni kwamba hakuwa na huzuni hata kidogo njiani, alikuwa na ghadhabu tu, na ghadhabu ilikuwa tamu. Alijiambia kwamba heri akose yeye kuliko Fahmo apate. Alijiambia kwamba mbuzi mkubwa atazaa tena. Ifrah alikuwa duksi, akisomeshwa alifu na maalim. Jikoni mwanambuzi alimwona, akapiga mkia, akanyoosha shingo akitafuta maganda mkononi mwake.

Alinoa kisu kwenye jiwe la kizingiti. Akamtoa mwanambuzi nyuma ya nyumba, na yule alimfuata mwenyewe bila kuvutwa. Akamlaza, akamwelekeza kibla, akasema bismillahi, Allahu akbar, akapitisha kisu. Zizini mama yake alisikia kitu, au alinusa, akaanza kulia upya.

Alipokuwa akichuna, mikono yake ilikuwa na haraka na ustadi wa miaka hamsini. Aliipaka ngozi chumvi na majivu, akaiwamba juu ya bati la paa, mahali pa jua kali, siku tatu. Nyama hakuitupa. Nyama ya halali haitupwi. Aliipika, Ifrah akala kwa mikono miwili, mafuta yakamtiririka mpaka kiwiko.

"Ayeyo, Adey mdogo ameenda wapi?"

"Kula," bibi yake akasema. Yeye mwenyewe hakumeza hata kipande.

Siku ya nne, asubuhi, alikunja ngozi akaiweka begani, wazi, ili ionekane. Alipita kwa makusudi mbele ya duka la Waithera. Alikuwa na haki siku hiyo, na haki ni kitu mtu anapenda kutembea nacho. "Njooni muone!" aliwaambia wanawake wa foleni. "Njooni muone mtu anayejua adabu ya kuazimana!" Waithera alifunga mlango wa duka akafuata, na wengine watano sita nyuma yake.

Fahmo alikuwa uani anapepeta mchele. Kinsi hakusema salaam. Aliitupa ngozi miguuni pake, vumbi likaruka juu ya mchele.

"Hiyo. Sikio liko juu, hereni ya shirika iko juu, namba ni ile ile. Sasa wewe nionyeshe yangu."

Fahmo aliweka ungo pembeni. Alichuchumaa. Aliikunjua ngozi polepole, akaitandaza upande wa manyoya, akaigeuza upande wa ndani. Alipitisha kidole gumba kifuani, akakinusa. Akapitisha mkono mpaka shingoni, na hapo mkono ukasimama. Wanawake waliinama kutazama. Waithera peke yake ndiye hakuelewa anachotazama, kwa kuwa kwao wanyama huuzwa kwa mchinjaji na mtu haonyeshwi ngozi.

"Kinsi," Fahmo alisema akiwa bado amechuchumaa, "ulisema ulimkuta asubuhi amekauka."

"Ndiyo."

"Hukuwahi kisu."

"Sikuwahi. Hata mama Kiarie nilimwambia."

"Aliniambia, ndiyo," Waithera akasema, akidhani anasaidia.

Fahmo aliinua ngozi kwa mikono miwili, akaishika mbele ya jua. Pale shingoni, kutoka upande hadi upande, mkato ulikuwa umenyooka safi, na mwanga ukapita ndani yake.

"Basi huyu mzoga alichinjwa na nani?"

Hakuna aliyecheka safari hii. Kinsi aliutazama mkato. Alikuwa amekumbuka chumvi, amekumbuka majivu, amekumbuka kuacha sikio na hereni. Mkato hakuukumbuka. Angeweza kumziba yule mnyama pumzi, ngozi ingetoka nzima kama ya mzoga wowote, lakini wazo hilo halikumpitia hata kwa mbali, na lingempitia mkono wake ungekataa. Tangu alipokuwa msichana hakuna mnyama aliyekufa mikononi mwake bila bismillahi. Alidanganya shirika, alidanganya majirani, ila kisu kilisema kweli kwa sababu hakujua kukitumia vingine.

"Na mafuta hii ya kifua," Fahmo aliendelea, bado kwa sauti ile ya kuuliza bei ya chumvi, "ni ya mbuzi ilikuwa inakohoa? Hii ilikuwa inakula vizuri. Hii ilikuwa inapendwa."

Alisimama, akaingia ndani. Walisikia akivuta kitu chini ya kitanda. Alipotoka alikuwa na gunia la zamani, na Kinsi alilitambua kabla halijafunguliwa. Ni gunia lile. Lilikuwa begani mwa Fahmo siku ya foleni ya maji.

Ngozi iliyotoka mle ilikuwa imekauka, nyepesi, ngumu, na mifupa ya mgongo ilikuwa imeacha alama zake juu yake kama vidole. Ilikuwa nyeupe. Sikio la kushoto lilikuwa na mikato miwili na tundu, alama ya watu wa kina Kinsi. Shingoni hapakuwa na mkato wowote.

"Alikufa alfajiri," Fahmo alisema. "Nilichuna siku hiyo hiyo. Sikuwa na nguvu ya kutembea kuja kwako, nililala siku moja. Siku ya pili nikabeba. Nilikuwa nakuletea."

Kinsi aliishika ngozi. Akaketi mchangani, akaiweka mapajani.

"Kwa nini hukusema?" sauti yake ilitoka ndogo. "Miaka mitatu, Fahmo! Ungeitoa tu pale!"

"Wewe uliuliza kama mtu anataka jibu?" Sasa sauti ya Fahmo ilipanda, na ilikuwa mbaya kuisikia, sauti iliyokaa muda mrefu bila kutumika. "Hukuniambia hata salaam. Uliniita mwizi na ngozi yako ikiwa kwa bega yangu! Nikasema, basi, siku atakuja kwangu kuuliza vizuri, nitampa. Hujawahi kuja. Umefundisha mpaka mtoto mdogo kunitukana kwa njia. Sasa sikiliza. Siku ile kijana alisoma jina langu, hiyo mbuzi ilikuwa yangu. Sio? Nyinyi wote mlikuwa hapo."

Wanawake walitazama chini.

"Mimi yako ilikufa, nikakuwekea ngozi. Wewe yangu ilikuwa mzima." Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wa Kinsi. "Umekula mbuzi yangu, Kinsi. Toka kwa uwanja wangu."

Kinsi alitoka. Alikwenda na ngozi zote mbili, maana Fahmo alimtupia hata ile mpya. Waliokuwa wamemfuata kwa shangwe walimpisha njia bila kumgusa, na Waithera, ambaye sasa alikuwa ameelewa, alitangulia kwenda kufungua duka lake kwa haraka isiyohitajika.

Jumanne ikafika. Kinsi alimkamua mbuzi mkubwa mara ya mwisho, akamfunga kamba shingoni, akampeleka mwenyewe kwa Fahmo kama alivyompeleka yule wa kwanza zamani. Aliifunga kamba kwenye nguzo ya lango. Fahmo alitoka, akamtazama mbuzi meno na chuchu, asimtazame Kinsi, na wakawa wamesimama hivyo, mmoja ndani ya lango na mmoja nje, pikipiki ya Luke ilipofika.

"Mama Kinsi! Unampa mama ya mbuzi?" Luke aliruka chini na kofia yake ya chuma bado kichwani. "Mtoto alikufa ndio ukaamua umpe mama mzima? Aki Mungu! Hata huko Asia sijawahi kusikia hivyo. Ngoja, ngoja, msisonge!"

Akatoa simu. Aliwataka washike kamba wote wawili. Aliwataka watabasamu, wakakataa, akapiga hivyo hivyo. Picha hiyo baadaye iliwekwa kwenye kalenda ya shirika, mwezi wa nane, karibu na mwanamke wa Nepali mwenye shada la maua; chini yake pameandikwa kwamba wanawake wa Isiolo wana moyo wa kutoa. Ukiitazama vizuri utaona Fahmo ameshika kamba karibu sana na shingo ya mbuzi, na Kinsi ameishika kwa ncha za vidole.

Kinsi alingoja Fahmo aseme. Alijiandaa kuaibika hata mbele ya kijana huyu na faili lake. Fahmo hakusema kitu. Luke aliandika "mfano wa kuigwa", akawasha pikipiki, akaondoka na vumbi lake.

"Usifikiri nimekusamehe," Fahmo alisema vumbi lilipotua.

"Sijafikiri."

"Mtoto wako bado anakunywa maziwa?"

Kinsi alitikisa kichwa kukubali.

"Mtume jioni na kikombe. Mtoto. Wewe usije hapa." Fahmo akamfungua mbuzi, akamwingiza ndani, akafunga lango kwa kamba ile ile.

Jioni Kinsi alimnawisha Ifrah uso, akampa kikombe cha bati, akamwonyesha njia ingawa mtoto aliijua. Ngozi ya Adey wa kwanza ilikuwa imetandikwa mlangoni, na mtoto aliikanyaga akitoka. Alikwenda hatua kumi, akasimama, akageuka na kikombe kifuani.

"Ayeyo! Nikifika nimwulize ngozi iko wapi?"

Alikuwa ameuliza kwa adabu kabisa, mtoto mzuri anayekumbuka alichofundishwa.

"Usimwulize kitu," Kinsi alisema. "Sema salaam aleikum, ungoje akujibu."

Mtoto akaenda. Kinsi alibaki mlangoni akitazama mpaka lango la Fahmo lilipofunguliwa, kisha likafungwa.